Maswali ya Wasomaji: Wawili Barbados, Ufukweni na Mezani

Tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu safari za mapumziko za mke na mume, na barua nyingi zikaangukia kisiwa kimoja cha Karibea, Barbados, na jambo moja, chakula. Tumezijibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga na sasa tunaishi Toronto. Februari tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumekubaliana kwenda Barbados kwa juma moja. Tusichokubaliana ni chakula. Mume wangu anataka hoteli ambayo vyakula na vinywaji vyote vimekwisha kulipiwa, ili asikae ufukweni akipiga hesabu. Mimi nasafiri ili nile, na nachelea kurudi Kanada nikiwa nimekula yale yale ambayo ningeyala katika hoteli yoyote duniani. Hatuna mwiko wa chakula. Tuamulie. (Bi. M., Toronto)

JIBU: Bi. M., mumeo hakukosea kuogopa gharama. Barbados ni ghali, kwa sababu vitu vingi vinavyouzwa pale huletwa kutoka nje, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 17.5, na mikahawa mingi huongeza asilimia 10 ya huduma juu ya bili. Hata hivyo, katika kisiwa hiki ninakuunga mkono wewe. Mkishalipia chakula cha jioni hotelini, kila sahani mtakayonunua nje mtaiona kama mmeilipia mara mbili, na baada ya siku mbili tatu mtaacha kutoka. Chakula cha Barbados kinachostahili nauli kinapatikana huko huko nje, yaani kwenye vibanda vya wavuvi, kwenye magari yanayopika kando ya barabara, na katika vilabu vidogo vya ramu ambavyo mchana huuza wali na samaki kwa wafanyakazi wa maofisini.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Watu wa Barbados wana vyakula vyao vya siku maalumu za juma, na meza ya hoteli, ambayo hupanga vyakula ishirini kila jioni ili kila mgeni apate chake, haiwezi kufuata utaratibu huo. Ushauri wangu ni kwamba mkodishe nyumba ndogo yenye jiko katika pwani ya kusini, popote kati ya Hastings na Oistins, kisha mpange juma lenu kwa kufuata siku za chakula na kuiacha bahari ijaze nafasi zinazobaki. Barabara ya pwani hiyo ina mabasi mchana kutwa, na nauli ni dola 3.50 za Barbados hata ukienda mwisho wa kisiwa. Vibao vya vituo vinaonyesha tu kama basi linaelekea mjini au linatoka mjini, na mji maana yake ni Bridgetown, mji mkuu. Mabasi ya serikali ni ya buluu. Magari madogo meupe yenye mstari mwekundu uliokoza hupiga muziki mkubwa na hujaza watu, na mtu wa Afrika Mashariki hatahitaji kufundishwa namna ya kuyapanda.

Mkiweza, fikeni Jumatano, ili mpumzike siku moja kabla ya Ijumaa, ambayo ndiyo siku kubwa. Alhamisi mchana vukeni hadi Martin's Bay, kijiji cha wavuvi katika parokia ya St. John (parokia huko ni kama wilaya) upande wa mashariki, ambako wenyeji wengi huenda siku hiyo kula samaki wa kukaanga na kutazama Atlantiki. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 na upana wa kilomita 23, kwa hiyo hakuna safari ndefu, ingawa barabara za ndani ni nyembamba na zenye kona nyingi. Bahari ya upande huo ni ya kutazamwa tu. Mikondo ya Bathsheba na fukwe jirani imewachukua waogeleaji hodari, na wenyeji wenyewe hujilaza katika vidimbwi vilivyo kati ya miamba badala ya kuingia majini.

Ijumaa mchana, tafuteni cou-cou na samaki arukaye, chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa. Huu ni ugali, Bi. M., na utautambua kabla hujauonja. Mpishi huchemsha bamia zilizokatwa hadi maji yateleze, huyachuja na kuyaweka kando, halafu huusonga unga wa mahindi uliokwisha kulowekwa, akiongeza maji yale ya bamia kidogo kidogo. Mwiko wake ni bapa na mrefu, na kazi ya kuusonga haina haraka, kwa sababu cou-cou yenye madonge ni aibu ya mpishi. Mwishoni bamia zenyewe hurudishwa sufuriani, ugali humiminwa katika bakuli iliyopakwa siagi, bakuli hutikiswa hadi donge liwe la mviringo na laini, kisha hupinduliwa juu ya sahani na kubonyezwa katikati ili pawe na kishimo cha mchuzi. Juu yake huja samaki. Yeye hutolewa miba yote kwa kisu chembamba, kazi ambayo wanawake wa masoko ya samaki huifanya kwa wepesi wa kushangaza, hupakwa ndimu, chumvi na viungo vya kijani, hukunjwa, kisha huivishwa taratibu katika mchuzi wa nyanya, vitunguu, thaimu na siagi. Msimu wake ni kuanzia Desemba hadi Juni, kwa hiyo Februari mtafika wakati mwafaka, ingawa tangu mwaka 2011 mwani mwingi wa sagasamu unaoelea kutoka Atlantiki umewasumbua wavuvi na kuchafua baadhi ya fukwe, hasa za mashariki. Samaki huyo yumo hata katika sarafu ya dola moja ya nchi hiyo. Agizeni sahani moja mle wawili, maana usiku kuna kazi nyingine.

Usiku wa Ijumaa ni wa Oistins. Huu ni mji wa wavuvi, na karibu na soko lake la samaki kuna vibanda vingi vinavyochoma na kukaanga jodari, faulusi, samaki wa jamii ya sulisuli na kamba wakubwa. Fikeni kabla ya saa moja usiku, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu. Tazameni kibanda ambacho wenyeji wamepanga foleni, kisha mpange foleni hapo hapo, hata kama jirani yake hana mteja na anawaita kwa sauti tamu. Ubao wa vyakula ukiandika kwamba kuna "dolphin", yaani pomboo, msishtuke, kwa kuwa wenyeji humwita faulusi kwa jina hilo hilo, na hakuna anayemchoma pomboo. Sahani huja na makaroni yaliyookwa kwa jibini, ndizi za kukaanga na saladi ya kabichi. Muziki wa upande wa jukwaa ni wa vijana na una kelele. Upande mwingine wazee hucheza dansi ya wawili wawili kwa nyimbo za zamani, wamevaa vizuri na wamenyooka migongo, na kwa watu wanaosherehekea miaka kumi ya ndoa huko ndiko kwenye viti vyenu.

Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima la Brighton, katika parokia ya St. George, na mchana wa siku hiyo ni wa viazi vitamu vilivyopondwa na kuivishwa kwa viungo hadi vikaiva vyeusi, pamoja na nyama ya nguruwe iliyochemshwa na kulowekwa katika ndimu, matango, kotimiri na pilipili. Nyama ya chakula hiki huliwa baridi. Wageni wengi hukiangalia mara moja na kuondoka. Nanyi, kwa kuwa hamna mwiko, msifanye hivyo. Jumapili maduka mengi hufungwa na familia hula nyumbani, kwa hiyo nunueni mapema mahitaji ya siku hiyo.

Bahari sasa. Maji matulivu yako pwani za magharibi na kusini magharibi. Carlisle Bay, pembeni mwa Bridgetown, ina mchanga mweupe, kasa wanaoogelea karibu na watu, na meli kadhaa zilizozama katika kina kifupi, mojawapo ikiwa Berwyn iliyozama mwaka 1919. Mkitoka majini mna njaa, karibu na Pebbles Beach kuna kibanda cha Cuz's kinachouza samaki ndani ya mkate wa mviringo, na sijui sababu ya kutafuta chakula kingine cha mchana siku hiyo. Fukwe zote ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli za kifahari. Kitu kimoja cha kuogopa kweli ni mti uitwao manchineel, unaoota ufukweni na kuzaa matunda madogo ya kijani yanayofanana na matofaa. Tunda lake ni sumu, utomvu wake huunguza ngozi, na hata matone ya mvua yanayopita katika majani yake huleta malengelenge. Mingi imewekewa kibao au alama nyekundu shinani. Msijikinge mvua chini ya mti msioujua.

Kuhusu hesabu za mumeo, mwambie atenge kiasi cha fedha za chakula kwa kila siku kabla ya kuondoka Toronto, kifungua kinywa mpike wenyewe, na chakula kikubwa kiwe cha mchana, ambacho ni nafuu kuliko cha jioni. Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1975, na bei nyingine za watalii hutajwa kwa dola za Marekani. Kabla ya kukubali bei yoyote, aulize ni dola ipi. Nawe, mkiwa Barbados, msikose vile vitumbua vya samaki wa chumvi vinavyokaangwa kila mahali. Wakati wa utumwa, samaki huyo alitoka Newfoundland na Nova Scotia, akauzwa kwa wenye mashamba ya miwa kama chakula rahisi cha watumwa, na meli zikarudi kaskazini na ramu na molasi. Chakula hicho kimekwisha kusafiri njia yenu kwa karne kadhaa.

SWALI: Assalaam alaikum Mhariri. Mimi na mke wangu ni Waislamu, tunaishi Leicester, na tumefunga ndoa majuzi. Tunasikia kwamba Barbados kila kitu ni ramu na nguruwe. Je, tutakula nini, au tubadilishe safari? (Bw. A., Leicester)

JIBU: Wa alaikumu salaam, na hongereni kwa ndoa. Msibadilishe safari. Waislamu wa Barbados ni wachache, wengi wao wakiwa na asili ya Gujarat, lakini wana misikiti, na msikiti wa Ijumaa wa Bridgetown uko Kensington New Road. Baada ya swala, waulizeni waumini wenyewe ni bucha gani na ni mkahawa gani wa roti unaouza nyama halali. Watawajibu kwa usahihi kuliko gazeti lolote. Roti hizo, ambazo ni mkate mwembamba uliokunjwa ukiwa na viazi, njegere au kuku wa mchuzi ndani yake, zilifika kutoka Trinidad na Guyana pamoja na watu wenye asili ya India.

Kwa jumla samaki ndiye atakayewalisha. Cou-cou na samaki niliyoieleza katika jibu la kwanza haina nyama, na huko Oistins samaki huchomwa mbele ya macho yenu. Panapohitaji uangalifu ni pale ambapo mtu hategemei. Wali uliopikwa na mbaazi, ambao huonekana hauna tatizo, mara nyingi hutiwa kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi ili upate ladha, na mpishi hatawaambia msipouliza. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yamepita katika vitu vingi. Keki nyeusi ya sherehe hulowekwa katika ramu kwa muda mrefu, na hata aiskrimu ya zabibu kavu huenda ikawa na ramu. Swali fupi la kuuliza ni kama sufuria hiyo imetiwa nguruwe au pombe. Wenyeji ni watu wa heshima, tena wengi wao ni washika dini, na hawaoni kero kuulizwa hivyo mradi mmeanza kwa salamu. Kuingia dukani na kutaja mnachotaka bila kusema habari za asubuhi huchukuliwa kuwa utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu.

Vinywaji havitawapa shida. Kuna madafu kando ya barabara, kuna juisi nyekundu ya rozela, kuna tangawizi kali, na kuna mauby, kinywaji kinachotengenezwa kwa gome la mti lililochemshwa na viungo na sukari. Mauby huanza kwa utamu na huishia kwa uchungu ambao hukaa ulimini. Mimi naipenda. Mkeo huenda asiipende.

Kuhusu mavazi, hakuna atakayemsumbua mwanamke aliyejisitiri ufukweni. Nchi hiyo hairuhusu mtu kuota jua akiwa uchi, na haipendi watu waingie madukani wakiwa na nguo za kuogelea. Lakini nguo zenye mabaka ya kijeshi ziacheni Leicester, hata kama ni kofia au begi, kwa maana sheria ya Barbados inamkataza raia wa kawaida kuzivaa, na mgeni hasamehewi kwa sababu hakujua.

SWALI: Naishi Mombasa, na ninataka kumshangaza mke wangu kwa safari ya Barbados. Rafiki zangu wananicheka na kuniuliza kwa nini nitoke Nyali kwenda kutazama bahari. Wana haki? Na mwezi gani unafaa? (Bw. K., Mombasa)

JIBU: Kama ni bahari peke yake, wana haki. Mchanga wa Diani hauna cha kuuonea wivu mchanga wa Karibea, na nauli ya watu wawili kupitia London ingewalisha kamba wa Lamu hadi mkinai. Sababu ya kwenda ni kuona vitu unavyovijua vikiwa na maisha mengine. Utaukuta mbuyu mkubwa ndani ya bustani ya Queen's Park mjini Bridgetown. Utalikuta shelisheli likichomwa mzima juu ya moto hadi ganda liwe jeusi, kisha likapasuliwa na kutiwa siagi, au likalowekwa katika ndimu na pilipili. Mti huo ulipandwa katika visiwa hivyo kwa hesabu za watumwa. Mwaka 1793 nahodha William Bligh alifikisha St. Vincent na Jamaica miche aliyoichukua Tahiti, kwa sababu wenye mashamba walitaka chakula cha bei rahisi kwa watu waliowalazimisha kukata miwa. Waingereza walikuwa wamekaa Barbados tangu mwaka 1627, na utumwa ulifutwa mwaka 1834, ingawa watu walifungwa mashambani kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Kwa hiyo chakula cha kule kimejaa mambo ya kuzungumza mezani, na mke anayejua kupika atayafurahia kuliko mchanga.

Miezi ya ukavu ni Desemba hadi Mei, na bei hupanda sana kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Barbados iko mashariki ya visiwa vingine na mara nyingi hupitwa, lakini si kila mara. Beryl ya Julai 2024 haikutua pale, na bado mawimbi yake yaliharibu mashua nyingi za wavuvi. Kwa mfuko wa kawaida ningechagua siku za mwisho za Novemba. Hatari ya vimbunga imepungua, bei hazijapanda, na nchi inaadhimisha uhuru wake wa tarehe 30 Novemba 1966, tarehe ambayo pia iliifanya jamhuri mwaka 2021. Huo ndio mwezi wa conkies, yaani unga wa mahindi uliochanganywa na nazi, malenge, viazi vitamu, zabibu kavu na viungo, ukafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Miezi mingine utazitafuta kwa taabu.

Lakini mshangao wako una kikwazo. Mwenye pasipoti ya Kenya anayebadilisha ndege London kwa kawaida huhitaji viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja, na maombi yake yanamtaka mwombaji mwenyewe. Barbados nayo hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya. Mwambie mkeo mapema. Umbakizie mshangao mwingine.

SWALI: Mke wangu ana vidonda vya tumbo na hali pilipili kabisa. Barbados ataweza? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ataweza, akijua pilipili inakaa wapi. Ile iliyo katika chupa mezani, ya rangi ya manjano, hutengenezwa kwa pilipili mbuzi, haradali na manjano, na ni kali kupita inavyoonekana. Hiyo haimhusu, hata tone. Ya kumsumbua ni ile iliyofichwa. Wapishi wa Barbados huchanja minofu ya samaki na kusindilia ndani ya chale mchanganyiko wa majani ya vitunguu, thaimu, majoram, kitunguu saumu na pilipili, kwa hiyo samaki wa kuchomwa anaweza kuwa mweupe kwa nje na mkali kwa ndani. Vitumbua vya samaki navyo hutiwa pilipili katika unga. Aombe samaki aliyepikwa bila kusindiliwa viungo, na akiwa kibandani aulize kabla samaki hajawekwa motoni, maana baada ya hapo hakuna cha kuondoa. Makaroni ya kuokwa hutiwa haradali na wakati mwingine pilipili kidogo, hivyo aonje kwanza. Shelisheli la kuchoma lenye siagi, ndizi za kukaanga na cou-cou isiyo na mchuzi anaweza kula bila wasiwasi.